Mto Uliokataa Kushindiliwa

Mume wangu mtaani wanamwita Shindilia. Jina alilopewa na wazazi wake wamelisahau hata wadogo zake. Ni fundi wa magodoro na mito, na tangu ujana anaamini jambo moja tu kuhusu kazi hiyo: ukimaliza kuujaza mto, jaza tena. Anasukuma sufi kwa ngumi, anaisukuma kwa mpini wa nyundo, halafu anaikandamiza kwa goti, ndipo anashona mdomo. Mto wa Shindilia ukianguka sakafuni, jirani anauliza nani kaanguka. Wateja wanamsifu kwamba mito yake haibonyei, na yeye akisifiwa anajifanya hasikii, lakini siku hiyo chai atakunywa vikombe vitatu.

Mimi ni mke wake, na nijitambulishe mapema: mdomo wangu hauna kufuli. Chumvi ikizidi nitasema, mgeni akikaa mno nitasema, na shati likimkaa vibaya mtu nitasema mbele ya watu. Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa nimesema kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho nitakifikia.

Ilianza na kifungo cha shati. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya kioo, vidole vitatu vya mkono wa kulia vinahangaika na kifungo kimoja, mara kinapita, mara kinamponyoka. Nikamuuliza kuna nini. Akasema ameulalia mkono. Sawa, mtu hulalia mkono. Lakini huyu aliulalia mwezi mzima.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Meza ndefu iko kulia, marobota ya kitambaa cha mistari yako kushoto, na nyuzi za sufi zinaelea hewani hata madirisha yakifungwa. Mimi huwa nazitoa kwenye bakuli la sukari. Kwenye fremu ya mlango imechomekwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, ambayo nadhani anaipenda kuliko sisi sote. Siku moja nilipita na ndoo ya maji nikamwona anaisukuma shazia kwa kitako cha kiganja, kwa sababu kidole gumba hakikuwa na nguvu ya kuisukuma. Niliweka ndoo chini pale pale. Kesho yake tulikwenda hospitali, naye njia nzima amenuna.

Mtaalamu wa viungo alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya kazi. Alimgeuza shingo huku na huku, akambonyeza bega, akamwambia kwamba ganzi ya vidole inatoka shingoni: mshipa wa fahamu unabanwa. Mchana anainamia meza, na usiku je, analalia nini? Shindilia akajibu kwa fahari kwamba analalia mto aliouunda mwenyewe. Yule mama akamwomba aonyeshe kimo cha mto huo kwa mikono. Akaonyesha. Mama akacheka, kisha akaona hatucheki naye, akaacha. Akamfundisha mazoezi, akaagiza meza ya kazi iinuliwe, akamtaka atafute mto unaojaza pengo la shingo bila kukiinua kichwa. Turudi baada ya wiki sita. Ganzi ikiwa haijapungua, kazi ya sindano basi, maana vidole vikishazoea kufa ganzi si lazima virudi vyote.

Binti yetu, aliyeolewa mji mwingine, tulipompigia hakusubiri hata nimalize. Alisema baba aache kazi, tuhamie kwake, chumba cha nyuma kipo kitupu. Ana moyo mzuri yule mtoto, Mungu amlinde. Lakini mimi namjua baba yake. Mweke kwenye chumba cha nyuma bila meza na bila shazia, na baada ya wiki utamkuta amekaa kitandani anatazama ukuta. Nilimwona baba mkwe wangu akiisha hivyo hivyo, mtu mwenye afya kabisa, kwa kukosa la kufanya tu. Hicho ndicho kilichonitisha, si shingo.

Basi tukaenda duka la vitanda kuchagua mto. Laiti ningeenda peke yangu! Shindilia aliingia kama mkaguzi. Kila mto aliubonyeza, akaunusa, akauinua kwa pembe moja, akautupa. Huu ni sponji tupu. Huu una nundu katikati, nani ana kichwa cha hivi. Huu mshono wake ameshona mtu mwenye haraka. Binti muuzaji alimfuata nyuma akiipanga upya mito kwa adabu, nami nikawa natazama dari.

Wa mwisho ulikuwa mzito na mlegevu, na ulipoguswa ulichakarika kama mtu anakanyaga majani makavu. Binti akaeleza kwamba ndani mna maganda ya nafaka fulani nyeusi ya nchi za baridi. Unga wanakula wao, maganda yanatiwa mitoni. Akafungua zipu ubavuni, akamimina kidogo kiganjani mwa mume wangu. Vilikuwa viganda vidogo vya rangi ya kahawa iliyoungua, kila kimoja kina pembe tatu, na kitupu ndani. Shindilia akaking'ata kimoja. Akavisugua kwa kidole gumba kile kibovu, akasugua tena. Baadaye aliniambia kwamba pembe zile alizisikia kidogo, na kwa mwezi mzima kidole hicho kilikuwa hakijasikia kitu.

Binti akamlaza kwenye kitanda cha maonyesho. Akamwonyesha jinsi maganda yanavyosogea, unayachimba kwa kisogo, yanapanda yenyewe na kukaa chini ya shingo, na hewa inapita katikati yake. Akasema neno moja kwa mkazo: ukiona mto uko juu, fungua zipu upunguze. Halafu, kwa kutujali, akatupatia vifuko viwili vya maganda ya nyongeza, siku mto ukipwaya. Mimi hapo hapo nilimwona mume wangu anavyovitazama vile vifuko, nikajua tumekwisha.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Aliuweka mto mezani, akausimamisha, ukalala. Akausimamisha tena, ukalala. Alisema hawa watu wameuza gunia nusu tupu na hawana haya. Akafungua zipu, akamimina vifuko vyote viwili, akashindilia kwa mpini wa nyundo, akakandamiza kwa goti, na kwa kuwa zipu kwake ni kitu cha mtu asiyejiamini, akaing'oa na kushona mdomo kwa uzi wa godoro. Nikamkumbusha maneno ya yule binti wa dukani. Akaniuliza yule binti ameshona mito mingapi. Sasa, nyumbani kwetu kuna mkataba wa tangu zamani: mimi siugusi mshono wake, yeye hagusi sufuria yangu. Nikanyanyua mabega, nikaenda jikoni.

Mto ukasimama kama tofali. Aliulalia wiki mbili, na kila akigeuka, maganda yaliyobanana yalilia krii, krii, nami nikiwa macho pembeni yake nayahesabu malalamiko yangu. Asubuhi anaamka amekunja uso, anaupungapunga mkono, anasema mto bado unamzoea.

Kisha likaja godoro la kitoto. Lilikuwa dogo, kazi ya asubuhi moja. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni nikaona ameacha kushona na anatazama kiganja chake kimefunguka, kitupu. Shazia ilikuwa imemponyoka ikazama ndani ya sufi, naye hakuisikia ilipotoka. Sindano ndani ya godoro la mtoto mchanga! Kwa watu wa kazi ile hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Alilifumua godoro lote. Alitoa sufi konzi kwa konzi, anaipapasa, anaitandaza sakafuni, na kwa kuwa vidole havikusikia ilibidi apapase kwa mkono wa kushoto, mimi nikipapasa upande wa pili. Tuliipata saa tisa alasiri.

Akaifuta, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia droo. Halafu akakaa juu ya robota, mwili mzima umejaa manyoya ya sufi, ndevu na nyusi.

"Mpigie mtoto," akasema. "Mwambie apulizie dawa ya wadudu kile chumba. Tunakuja."

Sikupiga simu. Hasira ilinipanda hadi masikioni, na sikujua namkasirikia nani. Niliingia chumbani, nikaubeba ule mto, nikauleta mezani kwake, nikachukua wembe wake mwenyewe na kuupasua mshono mwanzo hadi mwisho. Maganda yakaruka. Alisimama wima.

"Umekata mshono wangu."

"Nimekata. Na ningekuwa na akili ningeukata na ule mto wangu miaka thelathini na moja iliyopita."

"Wako una nini?"

"Ni jiwe. Umenilaza juu ya jiwe tangu nilipoingia nyumba hii. Kila asubuhi naamka shingo imekakamaa, nasema nimelala vibaya."

Hakukasirika, alishangaa tu, mdomo wazi.

"Mbona hukusema?" akauliza. "Wewe?"

"Ulikuwa mto wa kwanza kunishonea. Nilipoulalia, wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni unanitazama usoni. Ningesemaje?"

Machozi yalinitoka, nami si mtu wa machozi. Nikajifanya ni sufi imeniingia machoni. Nikaanza kuchota maganda kwa kikombe na kuyatia ndooni, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikitegemea kwamba ataniambia niache. Hakuniambia. Nilipofika cha nane alinipokea kikombe, akachota cha tisa mwenyewe.

Mdomo wa mto akauziba kwa pini. Akajilaza pale pale juu ya meza ya kazi, akachimba kwa kisogo kama alivyoonyeshwa dukani, maganda yakasogea na kutulia. Alisema anajiona kama amelalia mfuko wa mtu aliyefilisika. Kisha akalala usingizi kweli, viatu miguuni, nami nikakaa karibu nafukuza nzi.

Sitakudanganya kwamba aliamka mzima. Kila jioni tulikaa kitandani na kikombe tukibishana, nusu kikombe kitoke au kirudi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tulikuwa tunabishana kuhusu kupunguza. Nikatia matofali chini ya miguu ya meza. Mazoezi aliyafanya kwa kunung'unika. Siku ya tisa hakupungapunga mkono alipoamka. Siku ya kumi na tatu nilimkuta mbele ya kioo amevaa shati, vifungo vyote vimefungwa, anajitazama tu kama bwana harusi. Nilipita kimya, nikaenda kulia jikoni vizuri.

Wiki sita zilipotimia yule mama wa viungo alimfumbisha macho akamgusa ncha za vidole kwa pini, na yeye akataja kidole gani kwa kila mguso, isipokuwa ncha ya gumba, alikosea mara mbili. Mama akasema endelea, lakini kazi iwe nusu siku, na usiiname. Chumba cha nyuma tukamwambia binti yetu aweke wageni.

Tulipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwenye droo akaitoa shazia, kisha akairudisha, akachukua sindano ndogo. Akaniomba mto wangu. Alipoupasua, sufi ya ndani ilitoka imeshikana mabonge, ngumu kama mawe ya kusugulia miguu, na kila bonge alilotoa alilishika kwa muda kabla ya kuliweka chini. Kwenye ndoo mlikuwa na maganda yote tuliyoyapunguza kwenye mto wake. Kwa ile foronya ya zamani, ile ile ya siku ya kwanza, yalitosha. Alishona siku mbili, mishono midogo midogo, akisimama kila mara kuusikiliza uzi kwa gumba. Nilipouangalia ubavuni nikaona zipu.

Akauweka kitandani, akaniambia nilale. Nikalala. Hakusimama mlangoni safari hii. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mkono wake wa kulia chini ya shingo yangu, vidole vinatafuta pengo liko wapi.

"Sema," akaniambia.

"Punguza."

Akafungua zipu, akatoa kiganja kimoja. Akauliza na sasa je. Nikasema bado. Akatoa kingine, akauliza tena, nikasema bado, akatoa tena. Ukweli ni kwamba mto ulinikaa sawasawa tangu kiganja cha pili. Nilisema bado kwa utamu wa kuulizwa. Alipofika cha tano nilimwambia kwamba sasa amezidisha, arudishe vitatu, naye akarudisha vitatu.