Mwalimu Hishi

Wanafunzi walimbandika jina la Hishi, na hakuwa na wa kumlaumu. Kila mwaka, kipindi cha kwanza cha Kiingereza, aligawa ubao kwa mstari wa chaki: upande huu "he", upande ule "she".

"Kiswahili kina yeye mmoja tu," aliwaambia. "Kiingereza kimempasua vipande viwili. Ukimwita mama yako 'he', umemwotesha ndevu."

Darasa lilicheka. Aliyekosea baada ya hapo hakucheka tena: alisimamishwa pembeni ya ubao mpaka kengele ilie.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akimsikia akisahihisha madaftari kwa kunung'unika.

"Baba watoto, waonee huruma wana wa wenzio. Hata mimi sijui niko upande gani wa ubao wako."

"Wewe ni 'she'."

"Shi," mkewe alirudia, akikata uzi kwa meno. "Kama mtu anayefukuza kuku."

Nafasi ya ukuu wa somo, ambayo Hishi alikuwa ameikaimu mpaka mvi zikamtoka, ilipotangazwa, mkewe alimshonea koti la usaili. Koti lilikamilika, yeye akaugua, akafa kabla ya siku yenyewe.

Kwenye usaili walikaa mkuu wa shule na mkaguzi, kijana ambaye zamani alisimamishwa sana pembeni ya ubao ule. Hishi alijibu Kiingereza kikimtiririka. Mwishoni mkaguzi akalisifu koti, akauliza limeshonwa na nani.

"My wife," alisema Hishi. "He made it. He died."

Mkaguzi aliinamisha uso, mabega yakamtikisika. "She, mwalimu. Au sheria ya ubao imefutwa?"

Mkuu wa shule alicheka, kisha akakohoa kuficha kicheko.

Hishi angeweza kueleza. Nyumbani mkewe alikuwa "yeye" tu, hakuwahi kumpasua. Lakini maneno hayo yalitaka Kiswahili, na majibu yake yalitakiwa kuwa ya Kiingereza.

Nafasi akapewa mwalimu mgeni, na kisa chenyewe kikafika madarasani kabla ya barua ya uteuzi. Wiki iliyofuata, msichana wa dawati la mbele alisimama kusoma insha yake kuhusu mama yake.

"My mother is sick. He sleeps all day."

Darasa zima lilimgeukia mwalimu, si msichana. Nyuma mtu akanong'ona, "Leo atasema nini, na mkewe mwenyewe alimwotesha ndevu?"

Hishi alishika pindo la koti. Akimwachia huyu, wale wote aliowasimamisha walisimama kwa ajili ya nini?

"Nenda pale," alisema.

Msichana alikwenda pembeni ya ubao, machozi yakimlengalenga. Hishi akalipa darasa mgongo, akaanza kuandika "she", mstari chini ya mstari. Kengele ililia, watoto wakatoka. Hakugeuka.