Picha ya Kiprop Isiyopakwa Poda

Hellen Jerotich, jirani yangu wa Kiplombe, akikosa jambo la kumtia wasiwasi huanza kujiuliza kwa nini limekosekana. Maziwa ya ng'ombe wake wawili huyachemsha, akayaonja, akayachemsha tena, halafu njia nzima hadi kwenye hoteli za mtaa wa Pioneer anamsihi mtu wa boda aende polepole yasije yakaharibika kwa kutikiswa. Mimi, Kabura, nimeishi naye ua kwa ua tangu watoto wetu wakinyonya, na nimemwambia waziwazi kwamba atauawa na presha kwa mambo ambayo hayajatokea. Yeye hunijibu kwamba yakitokea yatamkuta tayari.

Mwaka huu lakini sikumcheka. Mama yake, ambaye majirani wote tunamwita Kogo, yaani nyanya kwa Kinandi, alikuwa ameanza kusahau watu. Kwanza yalipotea majina, tukasema ni uzee tu. Kisha Edinah, binti wa dada yake Kogo, akaja kumsalimia kutoka Turbo na gunia la mahindi mabichi, na Kogo akamfukuza kwa fimbo hadi barabarani akiuliza ni nani huyu anayeiba mahindi yake mchana kweupe. Edinah alirudi kwao bila hata kuonja chai. Jioni alilia kwenye simu, Hellen akalia upande huu, na mimi nikabaki namenya yale mahindi kwa sababu lazima mtu afanye kazi.

Kilichomnyima Hellen usingizi hasa ni kaka yake. Kiprop, kifungua mimba wa Kogo, alikwenda Qatar kuwa mlinzi akisema ni miaka miwili, ikawa karibu kumi. Sasa alikuwa amekata tiketi ya kurudi nyumbani, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na Kogo alikuwa hajamtaja Kiprop tangu msimu wa kupanda mahindi. Ukimtajia jina hilo aliitikia kwa adabu, kama mgeni anayesimuliwa habari za watu asiowajua.

"Kabura, akimfukuza itakuwaje?" Hellen aliniuliza. "Mtu atoke huko kote, afike mlangoni, mama yake ampige na fimbo?"

Nilimwambia aache kuita mabaya, lakini moyoni nilikuwa nimeshaona ile fimbo.

Muuguzi wa kliniki alimshauri amwonyeshe Kogo picha za mwanawe kila siku, huenda sura ikazoeleka kabla mwenyewe hajafika. Hellen akaanza na simu. Kogo aliona kioo kinachomulika, na ndani yake akaona uso wake mwenyewe, akasema taa hiyo izimwe kwa maana stima ina gharama. Mara ya pili aliifunika simu kwa kikombe. Tukakubaliana kwamba mama huyu ni wa picha za kushika mkononi, picha za karatasi, kama zile alizokuwa akiweka ndani ya Biblia yake.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuchapisha picha si kubonyeza tu. Hellen, kwa haraka yake ya hofu, aliingia duka la kwanza la fotokopi aliloliona. Jamaa akachukua ile picha ndogo ambayo Kiprop huiweka WhatsApp, akaivuta ikawa kubwa kama sinia, akaitoa kwa karatasi ileile ya kuchapia barua. Kiprop alitoka na mirabaraba usoni na midomo ya zambarau. Kogo aliitazama akasikitika kwa dhati.

"Huyu mgonjwa apelekwe hospitali," akasema. "Mnangoja nini?"

Mimi nilicheka hadi nikajishika kiuno. Hellen alipiga simu Qatar saa hiyo hiyo kumuuliza kaka yake kama anaumwa.

Mwuza mbegu mmoja mjini ndiye aliyetuelekeza kwa Marion Aketch. Marion ni mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, ana studio ghorofani, chumba kimoja chenye mashine kubwa ya kuchapa na kiti cha wateja, na hana subira na picha mbaya. Aliishika simu ya Hellen, akaivuta picha kwa vidole viwili, akaguna.

"Mama, hii imekamuliwa. Ukituma picha kwa WhatsApp hivi hivi, juisi inabaki njiani, wewe unaletewa maganda. Mwambie brathe yako atume ile original, na aitume kama document."

"Kama document? Si barua lakini."

"Simu haijui hiyo. Wewe mwambie tu document."

Kiprop akatuma. Marion akauliza nani atakayeitazama picha, na aliposikia ni mama mzee akachagua karatasi isiyong'aa, akisema ile inayong'aa inapiga macho ya wazee mpaka hawaoni kitu. Ilipotoka, nakwambia ukweli, hata uzi wa vifungo vya shati ungeuona. Hellen aliifunga kwa gazeti, akaitia ndani ya sweta, na kwenye boda alikaa wima njia nzima kama amebeba mayai. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu tiketi ikatwe alihisi njaa.

Kogo aliishika picha ile kwa mikono miwili, akaipeleka karibu na dirisha. Aliitazama kwa muda mrefu sana.

"Kijana mzuri," Kogo akasema. "Ngozi yake kama ya mtoto. Ana mama huyu?"

Hellen akatoka nje, akaenda kusimama zizini na ng'ombe wake. Mimi nilibaki na Kogo nikamjibu kwamba ndiyo, kijana huyo anaye mama. Sijui kama nimewahi kusema sentensi ngumu kuliko hiyo, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Kesho yake tulirudi studio, na Hellen, ambaye hajawahi kumfokea hata mbwa, alimfokea Marion mbele ya wateja kwamba amemchapishia mtu mwingine. Marion hakukasirika. Aliweka picha kwenye kompyuta, akaukuza uso hadi ukajaa kioo kizima, akatuambia tuangalie. Mimi ndiye niliyeona.

"Kovu liko wapi?" nikauliza.

Kiprop alipigwa teke na ng'ombe akiwa mdogo, akabaki na kovu nene juu ya jicho la kushoto. Kwenye picha hapo palikuwa laini kama sahani.

"Simu yake inampaka poda," Marion alisema. "Hizi za siku hizi zikiona uso zinaupiga pasi bila kuulizwa. Mimi nachapisha nilicholetewa. Mwambie azime ile beauty, asimame karibu na dirisha, apige tena."

Ni ombi dogo. Mtu mzima anazima kitu kimoja kwenye simu, anasimama dirishani, basi. Lakini Kiprop akaanza sababu. Mara kule wanakolala hakuna dirisha zuri. Mara yuko kazini. Mara simu inasumbua, mara atapiga kesho, na kesho ikifika hapokei. Jumamosi nayo ilikuwa inakuja na haikumsubiri mtu. Hellen aliacha kula tena. Maziwa yalianza kumwagikia jikoni, na yeye amesimama pale pale akiyatazama.

"Anaficha kitu," aliniambia. "Amekatwa uso. Au yuko jela, na hiyo picha ni ya zamani."

Nami nikachoka. Jioni hiyo Kiprop alipopokea, nilimnyang'anya Hellen simu.

"Kiprop, ni mimi Kabura. Mficha uchi hazai. Mama yako anakusahau, na wewe huko unajipaka poda?"

Nilimsikia akitoka penye kelele za watu.

"Nimezeeka, Kabura," akasema. "Nilitoka huko na nywele, nikatoka na mashavu. Hii miaka imenila. Sikutaka mnione hivi kwa simu, nilitaka nifike kwanza."

Hasira ikanitoka yote. Nilimwambia kwamba hata sisi huku hatukuwekwa kwenye friji, atume hivyo hivyo alivyo. Picha iliingia asubuhi, kama document, bila neno lolote chini yake.

Mashine ya Marion hutoa picha polepole, kuanzia juu. Kilitoka kipara. Likatoka paji lenye mikunjo, na kovu mahali pake. Yakatoka macho yaliyoingia ndani, mashavu yaliyobonyea, ndevu zenye mvi. Hellen alijifunika mdomo.

"Baba," akasema.

Mimi nilimjua baba yao, Arap Metto. Ndiye aliyenionyesha kisima siku niliyohamia Kiplombe. Alifariki akiwa na umri huu huu ambao Kiprop anao sasa, na pale kwenye karatasi alikuwa akitutazama sote watatu, kovu tu ndilo halikuwa lake. Hellen akamwomba Marion ampunguze kidogo, aongeze mwanga, amtoe mvi chache tu.

"Nikianza kumpunguza, nitaachia wapi?" Marion akauliza. "Anakuja Jumamosi na hizo mvi."

Tukaenda nayo ilivyo. Kogo alikuwa kitandani amejilaza. Alipoona picha aliinuka mwenyewe bila kushikwa, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akalainisha rinda.

"Arap Metto," akasema kwa sauti ya chini. "Umekonda."

Kuanzia hapo picha ililala kando ya mto wake, na kila asubuhi Hellen aliagizwa aweke kikombe cha mursik mbele yake, yale maziwa ya kibuyu ambayo marehemu aliyapenda. Kogo alichangamka, akawa anaoga bila kulazimishwa. Ungedhani Hellen angefurahi. Wasiwasi wake ulizidi maradufu. Kwanza aliogopa Kiprop hatajulikana, na sasa aliogopa atajulikana kuwa mtu mwingine, tena marehemu. Usiku aliichukua picha akaificha kabatini, asubuhi Kogo akalia kwamba mumewe ameondoka bila kuaga, ikabidi irudishwe. Hellen aliapa atamweleza Kiprop kila kitu kabla hajafika mlangoni.

Jumamosi tulimpokea barabarani, mimi na Hellen. Alishuka kwenye teksi na begi moja, mwembamba, koti kubwa kuliko yeye, akatukumbatia akinuka ndege na sabuni. Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo mfupi. Nilimkonyeza Hellen aseme. Akafungua mdomo, akaanza kumweleza habari za ng'ombe, yupi amezaa na yupi ana kiwele kibaya. Nikamkanyaga mguu. Akahamia bei ya chakula cha ng'ombe. Tukaingia getini mtu hajaambiwa chochote.

Kogo alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Hellen alinishika mkono akaubana hadi ukaniuma. Kiprop alisimama mbele ya ngazi, begi begani, akatabasamu lile tabasamu ambalo nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi ndani ya ndege.

"Chamgei, Mama," akasalimia.

Kogo alimtazama kuanzia kipara hadi viatu.

"Umechelewa," akasema kwa Kinandi, lugha ambayo nimeishi nayo hadi naielewa. "Arap Metto, umechelewa sana."

Tabasamu likamwanguka Kiprop. Akamgeukia dada yake. Hellen aliangalia chini, machozi yakimdondoka kwenye viatu, na kaka yake akaelewa. Nilimwona anavyoelewa, na niliumia kama ni wangu wa kumzaa. Miaka karibu kumi, halafu unaitwa kwa jina la marehemu.

Kogo lakini hakuwa amemaliza. Alinyoosha shingo, akachungulia nyuma ya bega la Kiprop, kwenye geti, kwenye njia, kama anayemtafuta mtu wa pili.

"Na Kiprop?" akauliza. "Umemwacha wapi? Mtoto ameenda mbali na hakuna anayeniambia kitu. Hawa wote ninawauliza kichwani mwangu, hawanijibu. Nilijua wewe ndiye utakwenda kumtafuta. Umemleta au hukumleta?"

Begi liliteleza kutoka begani kwa Kiprop likaanguka, naye hakuliokota.

"Nimemleta," akasema.

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa nje."

"Sasa mnamwacha nje kwa nini?" Kogo akafoka, akasogea kando na kuufungua mlango wote. "Mwambie aingie. Kuna baridi, na hajala."

Kiprop akajifuta uso kwa kiganja, akainamisha kichwa, akaingia.