Simu Iliyotaka Uso Wangu

Dada yangu anayeuza ndizi soko la Nyaramba ananisumbua siku hizi. Anataka simu kama ile niliyokuwa nayo, nyembamba, ya kuingia majini bila kufa, na anataka nimwambie kama itamfaa. Namjibu kwamba hakuna kizuri kisicho na ila, naye ananiambia niache methali nimpe jibu. Jibu ninalo, ila si la kusemewa sokoni.

Mume wangu, ambaye kazi yake iko Nairobi, aliniletea simu hiyo nikiwa na mimba ya kwanza. Alisema mke aliyeolewa Manga, ambako mvua haina adabu, hawezi kubeba simu inayoogopa tone la maji. Nilijivuna nayo, sikatai. Kwenye kituo cha kuuzia majani chai niliitumbukiza ndani ya ndoo mbele ya akina mama, nikaitoa ikiwa bado inaimba, wakashika midomo. Ilikuwa nyembamba kama biskuti. Mama mkwe aliigeuzageuza, akauliza betri imekaa wapi. Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyoulizwa, kwa sababu betri ilikuwa ndogo kweli, nayo iliisha kabla jua halijazama.

Tena ilikuwa na kiburi chake. Ukiilowesha inapona, lakini ukitaka kuichaji kabla tundu lake halijakauka, inakataa na kukuandikia kwamba kuna unyevu. Vidole vyangu haikuvipenda kamwe. Kuchuma chai kumevipasua na kuvitia weusi, kwa hiyo kila nilipoigusa ilinikana kama mgeni. Mwishowe mume wangu akaifundisha uso wangu, nikawa naifungua kwa kuitazama tu.

Sasa niseme habari za baba mkwe. Kwetu Gusii kuna kitu tunakiita chinsoni, heshima yenye mipaka. Baba mkwe hampi mke wa mwanawe mkono. Haingii nyumbani kwake, hali naye meza moja, hamkazii macho. Tangu niolewe, baba mkwe alizungumza nami huku akiangalia migomba, nami nikamjibu nikiangalia miguu yangu. Watu wa mjini huona huo ni ukali. Mimi niliona ni raha, maana mtu asiyekutazama hawezi kukukagua.

Siku yenyewe ilikuwa Sabato ya makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa inayohamisha kijiji kizima. Mama mkwe alikuwa ameenda, na majirani wote pia. Mimi nilibaki kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa na nilikuwa nimekatazwa kutembea mbali. Baba mkwe alibaki na ng'ombe kwa sababu ya goti lake bovu. Asubuhi nilikuwa nimegombana na mume wangu kwa simu. Alitaka nikakae kwa dada yangu hadi nijifungue, nikamwambia sihami nyumba yangu kwa sababu ya tumbo. Kwa hasira nikaiosha simu pamoja na vikombe, na nilipotaka kuichaji ikakataa.

Alasiri mvua ilishuka kwa nguvu. Ndama alikuwa amefungwa kule chini kwenye nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, karibu na kijito, akilia. Baba mkwe alikuwa zizini akihangaika na paa linalovuja. Mtu mwenye akili angemwacha ndama alowe. Mimi nikaenda.

Sikumfikia. Mguu uliteleza kwenye udongo mwekundu, nikaanguka kwa ubavu, nikaserereka mpaka nikashika shina la nepia. Chini yangu ukingo ulikuwa umeliwa, na kijito kilikuwa kimejaa, kinavuma. Nilisikia maumivu chini ya tumbo, halafu joto mapajani, nikajua ni damu. Sijawahi kuogopa namna ile. Nikapaza sauti nikimwita tata, ndivyo tunavyowaita baba zetu.

Alikuja akichechemea, akaketi matopeni upande wa juu kwa kuwa goti halikumruhusu kuchuchumaa. Kama angejaribu kunivuta, tungekwenda sote majini. Akaninyooshea mkongojo wake. Nikashika ncha moja kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado kwenye nepia, naye akashika ncha ya juu. Hata hapo mkono wake haukugusa wangu, na macho yake yalikuwa kwenye kijito.

Simu ilikuwa imechomoka mfukoni mwa sweta. Ile ya zamani, nene, ingekwama. Hii ilitoka bila hata kuaga. Tusingeiona kamwe kama isingelia. Ililia ikiwa ndani ya mfereji wa maji karibu na mguu wa baba mkwe, ikiwaka taa yake kule chini. Alikuwa mume wangu. Baba mkwe akaiopoa, lakini kabla hajajua aguse wapi, matone ya mvua yalikigusa kioo yenyewe, yakaikata. Mume wangu hakupiga tena. Baadaye aliniambia alidhani nimemkatia kwa hasira.

Alama ya betri ilikuwa nyekundu. Nikamtajia baba mkwe namba ya siri. Alibonyeza kwa kidole gumba, mvua nayo ikabonyeza za kwake, simu ikakataa. Akarudia, ikakataa. Ilikuwa nzima kabisa mkononi mwake, haijapungukiwa na kitu, na haikutusaidia zaidi ya kigae. Mtu pekee wa kumwita alikuwa mwendesha bodaboda wa njia panda, ambaye hata Sabato hulala juu ya pikipiki yake, na namba yake ilikuwa humo ndani.

"Tata," nikasema, "inataka uso wangu."

Alielewa. Akaielekeza kwangu, lakini yeye mwenyewe akageuza shingo kuelekea migomba, kama kawaida yake. Simu ikatazama sikio langu, kisha ikatazama nepia, ikakataa. Tumbo likakaza likawa gumu kama jiwe. Hasira zikanipanda, si kwake peke yake. Niliwakasirikia mume wangu, makambi, ndama, na kila aliyewahi kunifundisha kuinamisha macho.

"Tata, niangalie. Mtoto anaenda."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake. Yalikuwa ya mume wangu hasa, na yalikuwa yamejaa hofu. Akailenga simu sawasawa, nayo ikakataa tena, maana uso wangu wote ulikuwa tope.

Kisha akaubana mkongojo chini ya paja lake ili usiteleze, akaiweka simu mapajani, akanyoosha mkono.

"Nisamehe, mokamwana," akasema, yaani mke wa mwanangu.

Akanifuta paji la uso, macho na mashavu kwa kiganja kigumu, polepole, kama mtu anayesafisha yai. Nilikuwa nimefumba macho kwa aibu. Akaiinua simu mbele yangu, nikayafumbua, nayo ikafunguka.

Akavua kofia akaifunika nayo, akaipangusa kwa shati la ndani, akagusa jina kama nilivyomwelekeza. Mwendesha bodaboda akapokea. Baba mkwe akataja mahali tulipo, akataja tena kwa sauti ya kupasuka, kisha simu ikazima.

Alikuja na mwanamume mwingine, wakanibeba hadi barabarani, na gari la mpita njia likatufikisha hospitali huko Nyamira. Muuguzi aliweka chombo chake tumboni, akakisogeza, akakisogeza tena. Nilimtazama midomo mpaka nikahisi nitamchukia. Halafu akasema moyo unapiga, mtoto yupo, na damu imeanza kukoma. Nililia kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Mama mkwe alifika akiwa bado na nguo zake za makambi. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ametupa mgongo. Mama mkwe alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. Nilikuwa tope tupu, nywele zimejaa majani, na uso peke yake ndio uliokuwa safi, wenye michirizi ya vidole vipana. Yeye ndiye aliyenifundisha chinsoni nilipoolewa, sheria moja baada ya nyingine.

"Nani alikufuta uso?" akauliza.

Sauti ikatoka mlangoni.

"Mvua."

"Mvua," nikasema na mimi.

Mama mkwe si mjinga. Aliutazama ule mgongo, akaitazama tena michirizi, kisha akaketi kando ya kitanda akaanza kunitoa majani kwenye nywele. Baba mkwe alibaki palepale, maji yakimdondoka kutoka kwenye kofia. Hakugeuka kunitazama, na mimi sikutaka ageuke.