Pindo la Vidole Vinne

Wifi yangu, mke wa kaka, ameshona sare za shule miaka thelathini na moja katika chumba kile kile chenye cherehani mbili. Moja ni yake. Nyingine naitumia mimi kutia matundu ya vifungo, maana anasema nikishika mkasi naharibu. Ni kweli, ila hana haja ya kulisema mbele ya wateja.

Ana desturi moja ambayo hajawahi kuiacha. Kila sketi anaiwekea ndani pindo la vidole vinne, ili mtoto akirefuka mama afumue uzi na kuishusha. Wazazi wengine hunung'unika kwamba anawalia kitambaa. "Kwani wako harefuki?" huwauliza. "Mlete basi nimwangalie." Wanacheka, wanalipa.

Siku moja akaja mwalimu wa chekechea na bintiye wa miaka kumi na sita. Tulimjua binti, sare zake zote tangu darasa la kwanza zilitoka humu. Alikuwa anaugua saratani ya damu, na madaktari walikuwa wameacha kutaja dawa mpya. Mama alikuwa amemuuliza anatamani nini kuliko vyote, akidhani atasema simu. Akasema anataka gauni jekundu la kikubwa, la kufika chini, apigwe picha studio akiwa amesimama.

"Amesimama," mama alitukumbusha, kama vile tungesahau.

Wifi akampima. Kiuno inchi ishirini na sita. Wiki ya pili, ishirini na nne. Kwa kawaida husoma vipimo kwa sauti mimi niandike. Siku hiyo aliandika mwenyewe, akaziba daftari kwa kiganja.

"Futi hii imechakaa," akasema. "Inadanganya."

"Futi haina kosa, Mama Fundi," binti akajibu, kisha akaomba kigoda.

Wiki ya tatu zilikuwa ishirini na mbili. Wifi aliweka kando sare za watu akashona gauni lile tu. Nikamwona anachukua mkasi na kukata pindo, akabakiza upana wa kidole kimoja.

"Mbona unakata?"

"Litamlemea," akasema bila kuniangalia.

Mimi ambaye domo langu linajulikana mtaa mzima, siku hiyo nilirudi kwenye matundu yangu ya vifungo, na bado najilaumu.

Siku ya kuchukua gauni, binti alitoka nyuma ya pazia akiwa amesimama wima. Lilimkaa vizuri mno. Mama yake alipiga makofi mara moja, akaficha uso. Studio ilikuwa jengo la pili tu. Binti akakaa kidogo kupumua, na alipokaa akashika ncha ya gauni, akaigeuza, kama alivyomwona mama yake akifanya kila shule zinapofunguliwa. Akapimisha vidole. Kikaingia kimoja.

"Mama Fundi, langu hukuliachia."

Mama alimtazama wifi, akanitazama mimi, na nikaona anaelewa jambo ambalo miezi yote ile alikuwa amekataa kulielewa. Niliogopa macho yake.

"Liko sawa hivyo hivyo, mwanangu," mama akamwambia. "Twende."

"Hapana. Arudishe vinne." Binti hakuwa na hasira. "Mama ndiye hufumua. Asipoachiwa kitu, atafumua nini?"

Wifi alipiga magoti kwenye gunia la vipande, akautafuta ule mkanda mwekundu alioukata. Akauunganisha upya, sindano ikamkatikia mara mbili. Binti alingoja kwenye kigoda, amejifunga shuka, akiangalia sindano ya cherehani ikipanda na kushuka. Kazi ilichukua dakika arobaini. Nilikuwa nazihesabu na nilitamani kupiga kelele.

Alipovishwa tena, miguu ilimgomea. Alijaribu mara tatu. Tulimbeba mimi na mama yake hadi studio, mpiga picha akaleta kiti.

Alizikwa kabla mwezi haujaisha. Mama yake alituletea nakala ya picha, nasi tukaitundika juu ya cherehani ya wifi. Ameketi, anatabasamu, gauni limefunika miguu, pindo halionekani.

Wateja huuliza yule ni mtoto wa nani. Wifi huwajibu kwamba ni mteja wake aliyetaka kusimama.