Nilificha Kibuyu cha Baba Nikaenda Posa na Jin ya Mzungu

Jamani, kosa ni langu. Si la shetani, si la Mzungu, wala si la jin. Ni langu mimi na kiherehere changu! Jina sitalitaja, maana wakwe zangu wamekwisha nicheka vya kutosha.

Miaka ile nilikuwa mhudumu wa mezani kwa bwana mmoja wa mgodi wa bati, huku Murongo. Nilivaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu. Kila jioni kazi yangu ilikuwa kumchanganyia bwana kinywaji chake: jin, maji ya ndimu yenye sukari, na vipande vya barafu kutoka friji ya mafuta ya taa. Unavitia vyote kwenye kopo lenye kifuniko, unatikisa mpaka vidole vife ganzi.

Bwana alipenda kunisimulia asili yake. Ati zamani mabaharia wa kwao walikaa baharini miezi na miezi bila tunda, fizi zikawaoza. Wakubwa wakaamuru wapewe ndimu. Ndimu tupu zikawachosha, basi wakazichanganya na jin. Dawa ikageuka starehe!

Mniulize kama nilionja. Nilionja! Sheria ilitukataza Waafrika pombe kali ya Ulaya, lakini mabaki ya kwenye kopo nani atayaona? Ndimu inakung'ata ulimi, sukari inakubembeleza, halafu jin inashuka kifuani polepole. Loo! Toka hapo nikaanza kuiona amarwa yetu ya ndizi kuwa ni pombe ya washamba.

Sasa, nilikuwa nimempenda binti mmoja wa Nyakatuntu, Kemilembe. Yeye akanipenda, wazee wakaitana, siku ya posa ikapangwa. Kwetu huendi posa bila amarwa. Na si amarwa ya kununua. Ni ya ndizi za kibanja chako, shamba lako la nyumbani.

Baba yangu alikata mikungu yake mizuri kuliko yote. Akaivundika, akaikanyaga mwenyewe kwenye mtumbwi wa kukamulia kwa miguu yake ile yenye magaga, akatia mtama, akafunika. Kila asubuhi alikwenda kuinusa. "Hii," aliniambia, "wakwe zako watasahau njia ya kwenda kulala!"

Mimi nilimjibu, "Sawa, Tata." Moyoni nilikuwa na mpango wangu. Bwana alikuwa anakwenda likizo kwao, akanipa kimyakimya chupa ya jin iliyobaki zaidi ya nusu, na chupa ya maji ya ndimu. Zawadi ya harusi, alisema.

Siku ya posa baba na wajomba walitangulia. Kibuyu nikaachiwa mimi nikibebe, kwa sababu ndimi mwenye mke. Nilikitazama kile kibuyu, kimezibwa kwa majani ya mgomba, povu linatiririka ubavuni. Nikaitazama kanzu yangu nyeupe. Nikajiona nikiingia kwa akina Kemilembe kama mchukuzi wa sokoni.

Nikakificha kwenye majani karibu na kijito. Mungu wangu, nisamehe! Nikaendelea na kikapu changu cha chupa, kopo na glasi.

Ukweni tukapokewa vizuri, shikamoo nyingi, tukapewa buni za kutafuna. Baba mkwe, mzee Kazoba, akauliza kama wageni wamekuja mikono mitupu. Nikainuka kabla baba yangu hajafungua mdomo! Nikatia jin, nikatia ndimu, nikatia maji baridi ya chemchemi, nikaanza kutikisa kopo.

"Yuu! Ana degedege huyu?" akapiga kelele shangazi yake Kemilembe, mwanamke mwenye ulimi mkali. "Mshikeni!"

Watu wakacheka. Nikamimina. Glasi zilikuwa chache, nikawapa wakwe tu. Mzee Kazoba akaonja, akafumba macho, akaonja tena. Mzee wa pembeni yake akailamba glasi mpaka ndani. Nikasikia, "Tamu hii! Ongeza!" Kichwa kikanivimba. Nikawasimulia na habari za mabaharia na fizi zao. Kwenye tundu la ukuta nikaliona jicho la Kemilembe, nikazidi kunata.

Chupa ikaisha. Mzee Kazoba akapangusa midomo. "Ahsante, kijana. Tumefurahi. Sasa leteni amarwa tuzungumze."

Nikasema, "Mzee, ndiyo hiyo mliyokunywa."

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Desturi yetu aliyepika pombe ndiye hutangulia kuionja. Hii aliipika nani?"

"Wazungu, shangazi. Huko Ulaya."

"Basi huyo Mzungu ndiye aje kuoa!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, lakini mzee Kazoba hakucheka. Alisema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu asiye na kibanja, asiye hata na mgomba wa kukamua. Akaanza kuinuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Kule ukutani jicho halikuwepo tena. Nilisikia mtu analia.

Ndipo baba akakohoa. Alikuwa amekwisha elewa yote.

"Mkwe, kaa," alisema taratibu. "Hiyo ilikuwa ya kusukutulia mdomo tu. Amarwa yangu ipo. Nilimwambia kijana aiache kivulini isichachuke kwa jua." Kisha akanigeukia. "Nenda kailete."

Nilikimbia! Viatu vilibaki kwenye matope ya kijito. Nilikibeba kibuyu kichwani, povu likanishukia usoni, shingoni, kwenye kanzu yote. Nilipoingia natiririka, shangazi akapiga vigelegele. "Ehee! Sasa ndiyo unafanana na mkwe!"

Baba akatia mrija, akatangulia kuonja, akampisha mzee Kazoba. Wakanywa mpaka nyimbo zikaanza. Kemilembe nilimpata, na mpaka leo ananiita Degedege.

Baba hakuniuliza neno juu ya kibuyu. Siyo siku ile, siyo mwaka ule. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Afadhali angenichapa!

Bwana aliporudi kutoka likizo nikamwomba tone la jin, nikampelekea baba nyumbani. Nikamchanganyia vizuri, nikapiga magoti kumwomba msamaha wa kile kibuyu. Akaipokea glasi kwa mikono miwili, akanywa, akatabasamu.

"Ah, kibuyu kilifika," alisema. "Kumbe kinywaji chenyewe ni kitamu hivi! Sasa mbona siku ile wakwe wote uliwapa, mimi ukaniruka?"

Nililia kama mtoto, naye akacheka, akaninyooshea glasi nimwongeze.

Nawaandikia kwa sababu nasikia vijana siku hizi wanakwenda posa na chupa za dukani, miguu safi. Wanangu, usiache mbachao kwa msala upitao! Ndimu na jin ni tamu, sibishi, nami mpaka leo nikipata nakunywa. Lakini beba kibuyu cha baba yako mbele za watu, kanzu ichafuke. Na ukimimina cha kwako, glasi ya kwanza mpe yeye.