Ubeti Aliouficha Bibi

Juzi nilikuwa harusini Ng'ambo, sahani ya pilau mkononi, mshereheshaji akatangaza wimbo wa asili wa kikundi cha zamani cha ng'ambo ya reli. Spika zikalia, ukumbi mzima ukainuka. Mimi nilibaki kitini. Wimbo ule ni wa bibi yangu.

Bibi alikuwa manju, mtunzi na mwimbishaji wa ngoma, enzi zile kila mtaa wa Tabora una kikundi chake. Watu walitoka shamba, wakatafuna matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, wakafunga njuga. Baada ya mavuno, vikundi viwili vilipiga ngoma uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kilichovuta watu ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo wimbo mpya ulifundishwa porini, nje ya mji, na sisi wajukuu, waitikiaji wake, tulikatazwa hata kuupigia mluzi.

Jirani yetu alikuwemo kikundini. Alikuwa shoga wa bibi. Walisukana nywele, wakaombana chumvi, na bibi akichoka, yeye ndiye aliyepokea wimbo. Ubeti wa mwisho ulimsifu yeye: rafiki aijuaye njaa yangu kabla sijaisema. Huo bibi alitufundisha wajukuu tu, jikoni, akitaka shoga yake ausikie kwa mara ya kwanza uwanjani.

Siku yenyewe jirani hakuonekana. Tukiwa bado tunapasha ngoma motoni, upande wa pili, kikundi cha ng'ambo ya reli, wakaanza, na wakaanza na wimbo wetu. Anayeimbisha ni yule jirani, kavaa manyoya ya manju, wala hakutazama kwetu. Watu wakamiminika huko. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Vueni njuga, wajukuu zangu," akasema. "Twendeni nyumbani."

Hakuimba tena. Jirani tuliendelea kumwamkia, shikamoo, marahaba, kwa kuwa bibi alitulazimisha. Mimi sijamsamehe, na alishazikwa zamani.

Harusini wimbo uliishia palepale alipoishia jirani siku ile, bila ubeti wa mwisho, watu wakapiga makofi. Nilitoka nje nikampigia simu binamu yangu, tuliyekuwa naye jikoni, nimuulize ule ubeti. Akacheka, akasema hakumbuki hata neno moja. Vikundi vimekufa, uwanja umejengwa maduka. Ubeti ninao mimi, mzima, lakini ulitungwa wa kuitikiwa, na nikiuanzisha hakuna wa kunipokea.