Mzee wa Bendera na Vumbi la Ziwani

Jumatatu asubuhi nilikuwa nikinyoa ndevu zangu chache jirani alipogonga dirisha na kuniambia kwamba yule mzee wa bendera amefariki. Wasomaji wangu mnaopanda gari moshi hapa Nakuru mnamjua, hata kama hamkupata kusema naye: yule mrefu, bendera ya kijani mkononi, na miguuni viatu vyeusi vilivyong'aa kuliko vya stesheni masta. Alikuwa na jozi hiyo moja tu. Aliinunua akiwa kijana, alipokuja kutoka kwao magharibi kuanza kazi ya reli, na hata wiki iliyopita ilikuwa bado inatembea. Nataka kuandika juu ya viatu, msinicheke, maana bila yeye na viatu leo nisingekuwa na mchumba.

Mnalijua vumbi letu, lile jeupe linalopeperushwa kutoka ziwani wakati wa kiangazi. Mwaka juzi niliitwa Molo kwa wazazi wa msichana ninayempenda, nikajieleze. Baba yake ni mzee wa kanisa, na habari zake zilikuwa zimenifikia: kijana akimjia, yeye humtazama miguuni kwanza, usoni baadaye. Siku tatu kabla ya safari nikaona viatu vyangu, alivyoniachia marehemu baba, vimekuwa vyeupe kama vya msaga unga. Nikalowesha kitambaa chapachapa, nikasugua mpaka vikapendeza. Vilipokauka, mistari myeupe ikatokeza upya. Nikaosha tena, kisha nikaviweka kando ya jiko la makaa vikauke upesi. Ole wangu! Ngozi ikakakamaa, ncha zikapinda juu, na kiatu cha kulia kikapata ufa. Nikavitia guniani, nikakimbia landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, kwa mzee wa bendera, machozi yakinilengalenga.

"Wewe karani," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu nianze kuandika gazetini, "nani alikuambia kiatu ni muhogo? Mbona umechoma?"

"Nilikuwa nakausha, Mzee. Jumamosi naenda kwa wakwe."

"Na utawapelekea hii mihogo?" Mkewe alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Mzee naye akacheka, kisha akakishika kiatu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mgonjwa. "Sikiliza. Hili vumbi si la barabara, lina magadi. Ukilitia maji linaingia ndani ya ngozi, linaanza kula. Pangusa kavu kwanza. Maji baadaye, tena kidogo, kama machozi ya mama mkwe."

Akapiga brashi ya katani mpaka kwenye mishono. Akapitisha kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye matone ya limau. Akavijaza gazeti, akaviweka kivulini penye upepo. "Gazeti soma kwanza, ndiyo ulishe kiatu," akasema. "Maneno yako ya wiki jana yalikunywa maji vizuri sana." Kesho yake jioni akapaka mafuta ya kondoo kwa kidole, kidogo kidogo, na Ijumaa akamalizia kwa masizi ya taa yaliyochanganywa na vipande vya mshumaa vilivyoyeyushwa. Ufa ulibaki. "Huo utaenda nao," akaniambia. "Ukiulizwa, sema kweli."

Jumamosi, kule Molo, nikaulizwa. "Ufa huu ni wa nini?" akasema mzee wa kanisa kabla sijakaa.

"Ujinga wangu, Baba. Nilivikausha motoni."

"Na nani alivitibu?"

"Mzee mmoja wa reli. Sasa natibu mwenyewe."

Akainama, akapitisha kidole juu ya ufa. Kisha akaita ndani: "Leteni chai, tuna mgeni."

Siku hizi vijana wenzangu tunapenda rangi ya mkebe. Tunaipaka juu ya vumbi, tunang'aa mpaka kona ya kwanza. Mzee hakuichukia. "Rangi ni shati," alisema, "mafuta ni chakula. Utamvika shati mwenye njaa?" Nimeyafikiria sana maneno hayo, nami naota mambo makubwa kuliko elimu yangu. Ni mara ngapi tumemvika mtu shati, tukaita hiyo huruma?

Jumatano, kabla ya mazishi, mkewe alinikabidhi vile viatu vyake nivisafishe. Alitaka mumewe aende navyo. Nikachomoa gazeti lililokuwa ndani, nikakuta ni safu yangu hii, ya wiki iliyopita. "Aliisoma mara mbili," Mama akasema. "Akasema, leo karani amejaribu." Nililia, sifichi. Vumbi la ziwani lilikuwa limetua juu ya ngozi, na jirani mmoja kwa wema wake akaniletea bakuli la maji na kitambaa. Nikamwambia, "Asante, ndugu. Kwanza kavu." Nikachukua brashi, nikaanza na mishono.

Wahenga walisema kitunze kidumu. Mzee wa bendera hakuwapinga, ila alinifundisha jambo linalotangulia hilo: kabla hujakitunza kitu, au mtu, jua kwanza kinachomuuma.